KUONDOLEWA PLASTA SI MWISHO WA MATIBABU

Katika mashamba ya miwa ya Kakira na katika viwanda vya Jinja na Mbale, ajali za kazini si jambo geni kwetu. Panga hukata kano za mkono, mzigo huangukia mguu, mashine hunasa vidole. Mwenzetu aliyevunjika hufungwa plasta, na baada ya wiki kadhaa huondolewa. Hapo wengi wetu husema, "Nimepona," na kurudi kazini. Miezi michache baadaye vidole havishiki panga, goti halikunjiki, na kazi inapotea. Mara nyingi mfupa wenyewe umeunga vizuri. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya matibabu, yaani fiziotherapia, au tiba ya viungo.

KAZI YAKE NI NINI?

Kiungo kisichotumika hukaza. Ndani ya plasta misuli hupungua kwa muda wa wiki chache tu, na kano hujikunyata. Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia kwanza hupima: kiwiko kinakunjika hadi wapi, mkono una nguvu kiasi gani, mgonjwa anatembeaje. Kisha hupanga mazoezi kwa hatua. Mwanzoni yeye mwenyewe hukikunja kiungo taratibu. Halafu mgonjwa hukikunja bila mzigo. Mwishowe huongezewa uzito kidogo kidogo. Aliyevunjika mguu hufundishwa kutembea kwa magongo, na kujua akanyagie uzito kiasi gani.

Elimu hii si ngeni Uganda. Katika miaka ya 1960, Daktari Ronald Huckstep wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliwatibu watoto wengi waliopooza kwa polio. Yeye na wenzake walitengeneza vyuma vya miguu vya bei nafuu. Lakini chuma peke yake hakitoshi: viungo vilivyojikunja hunyooshwa kwanza, kisha mtoto hufundishwa kutembea.

MAZOEZI NYUMBANI

Mtaalamu hawezi kumwona mgonjwa kila siku. Siku zinazobaki ni juu yetu wenyewe. Kufinya kitambaa kilichoviringwa, au kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala chali, hakuhitaji fedha. Kunahitaji kufanywa kila siku kama ulivyoagizwa. Maumivu madogo yanayopoa baada ya muda mfupi ni ya kawaida. Kiungo kikivimba au kikiuma usiku kucha, punguza mazoezi na umweleze mtaalamu.

Tusikubali kukandwa kwa nguvu. Kiwiko kilichovunjika kikikandwa hivyo, mfupa waweza kuota ndani ya misuli, na mkono usinyooke tena.

Tuseme pia juu ya mgongo, unaowasumbua wakata miwa na wapakiaji. Zamani mgonjwa aliambiwa alale kitandani. Siku hizi inajulikana kwamba maumivu ya kawaida ya mgongo hupoa upesi zaidi mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Lakini miguu ikifa ganzi, au mkojo ukizuilika au kutoka bila hiari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

HAKI YETU

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia kazini. Fiziotherapia ni matibabu. Basi tufanye hivi:

(a) Toa taarifa ya ajali mara moja, kwa maandishi, na uweke nakala.

(b) Mwombe daktari aandike kwamba unahitaji fiziotherapia, na kwa muda gani. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale hutoa tiba hiyo.

(c) Siku za kliniki zisihesabiwe kuwa utoro. Msimamizi akikataa, mweleze mjumbe wa chama siku hiyo hiyo.

(d) Usitie sahihi makubaliano ya fidia kabla tiba haijakwisha na daktari hajapima ulemavu uliobaki.

Mfanyakazi hana shamba jingine ila mikono yake. Kila mjumbe na awatembelee wenzetu walioumia katika idara yake, awaulize swali moja: "Je, umepelekwa fiziotherapia?" Jibu likiwa hapana, kazi ya chama imeanza.