Alama ya Kidole ya Diski Nyeusi

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya diski nyeusi.

Tarehe 3 Desemba 1994, huko Japani, ilianza kuuzwa mashine ya michezo iitwayo PlayStation. Diski zake zilikuwa na tumbo jeusi, na ndani yake njia nyembamba inayozunguka toka katikati hadi ukingoni, imejaa vishimo visivyoonekana kwa macho. Njia hiyo ukiinyoosha hufika kama kilomita 5! Mwanga wa leza huifuata, ukisoma kishimo baada ya kishimo.

Lakini diski huchubuka, na mashine huzeeka. Kwa hiyo watu huinakili diski nzima kwenye kompyuta, kisha huicheza kwa emuleta, yaani programu inayoigiza ile mashine ya zamani.

“Babu, mchezo ukifunguka na muziki ukilia, si nakala ni nzima?”

Hapana, mjukuu wangu. Njia ile imegawanywa vipande vya baiti 2,352, na diski ya dakika 74 hubeba vipande 333,000. Kimoja tu kikisomwa vibaya, huenda ndicho chenye ngome ya mwisho. Utacheza wiki nzima, ufike mlangoni, kila kitu kigande.

Nani atakagua vyote hivyo kwa macho? Kompyuta hupitisha nakala kwenye hesabu iitwayo SHA-1, ikatoa tarakimu na herufi 40. Hiyo ndiyo alama yake ya kidole. Ipe hesabu hiyo herufi abc, alama itaanza na a9993e. Ongeza d tu, itaanza na 81fe8b. Kila nikiliona jambo hili nastaajabu upya.

Ila alama haisemi kitu bila ya kulinganisha nayo. Ukiisoma diski moja mara mbili, mkwaruzo uleule waweza kukudanganya mara mbili. Ndiyo maana watu wa mradi wa Redump hutafuta shahidi: diski nyingine ya mchezo huohuo, iliyonakiliwa na mtu mwingine. Alama zikilingana, nakala imethibitishwa. Diski hiyo ya pili lazima iwe ya toleo lilelile, kwani toleo la Japani na la Marekani huweza kutofautiana ingawa yote ni mazima.

Na zisipolingana? Chukua kitambaa laini, futa diski kwa mstari toka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono, maana mkwaruzo unaofuata njia ndio huisumbua leza zaidi. Kisha nakili upya, uzilinganishe zile tarakimu na herufi 40, moja baada ya moja.