Mifupa ya Waingereza na kazi ya mkalimani

Makanisa yetu hupokea wageni wasemao Kiingereza, na mara nyingi kijana mmoja husimamishwa kando ya mhubiri ili atafsiri. Kazi hiyo ni ngumu kuliko tunavyodhani. Tuchukue mfano wa mifupa tu.

Mgeni akisema kwamba shamba fulani ni "bone of contention", hasemi juu ya chakula. Ni picha ya mbwa wawili na mfupa mmoja. Kijana aseme "chanzo cha ugomvi", basi. Akitafsiri picha yenyewe mbele ya jamaa mbili zinazogombania shamba, amewaita mbwa, na upatanisho umeharibika kabla haujaanza.

"To make no bones about it" ni gumu zaidi. Tangu karne ya 15 Waingereza walisema juu ya kuona mfupa katika jambo, kama mtu anayekuta mfupa ndani ya supu yake. Asiyeuona humeza bila kusita. Leo maana yake ni kusema waziwazi. Sisi tuliosoma Kifaransa tunaielewa picha hii upesi, kwa sababu Wafaransa nao, shida ikitokea, husema "il y a un os".

Lakini Kifaransa kinaweza pia kutupoteza. "Bonfire" ni moto mkubwa wa nje, wa sikukuu. Sisi tunaona humo neno "bon", moto mwema. Hata Samuel Johnson, mtaalamu wa Kiingereza, alieleza hivyo katika kamusi yake ya 1755. Kumbe kamusi ya Kiingereza na Kilatini ya 1483 ilikwisha kusema wazi: ni moto wa mifupa! Zamani huko Uingereza walichoma mifupa ya wanyama katika mkesha wa Mtakatifu Yohana.

Msemo mwingine umetoka katika Biblia yenyewe. Katika Ayubu 19:20, pale anapolia kwamba mifupa yake imeshikamana na ngozi, Ayubu anataja pia ngozi ya meno. Waingereza wameichukua hiyo ngozi ya meno kwa mtu aliyeponea chupuchupu. Mgeni anaweza kuwaambia hivyo waliokimbia vita, na kwao si neno la kuchekesha. Likitafsiriwa vibaya watafikiri anawadhihaki.

Je, kuacha mfupa ni kutokuwa mwaminifu? Hapana. Kwa Kiebrania neno "etsem" ni mfupa, tena ni "yenyewe". Mwanzo 7:13, siku Noa alipoingia katika safina, neno kwa neno ni "mfupa wa siku hiyo". Watafsiri waliandika "siku ile ile", wala hakuna anayewalaumu.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa kanisa: mkalimani apewe nafasi ya kuketi na mgeni kabla ya ibada, waipitie hotuba pamoja, na aruhusiwe kuuliza, "Hapa unataka kusema nini?"