Sindbad mpya aweza kutoka Chiola

WASOMAJI wengi wa Alfu Lela Ulela humkumbuka Sindbad Baharia, tajiri wa Baghdad aliyesafiri mara saba, akavunjikiwa na jahazi, akabebwa na ndege Rukh na kila mara akarejea nyumbani na mali tele.

Wachache humkumbuka Sindbad wa pili. Huyu ni hamali aliyeutua mzigo wake mlangoni pa tajiri huyo ili apumzike, akaanza kulalamikia mgawo wa riziki duniani. Tajiri alimsikia, akamkaribisha ndani na kumsimulia safari zake zote. Hamali husikiliza tu. Yeye hana kisa chake.

Anayetaka kuitunga upya hekaya hii kwa shujaa wa zama hizi angeanzia kwa hamali, hasa akiitazama bahari kutoka bara, mahali kama Chiola, kata ya Wilaya ya Nachingwea, jirani na Ruangwa.

Katika toleo moja la safari ya saba, Sindbad anatekwa na maharamia na kuuzwa utumwani. Bwana wake anampandisha mtini na upinde awawinde ndovu, mpaka ndovu wenyewe wanamchukua na kumwonyesha makaburi yao, penye pembe tele zisizohitaji kuua. Ni kisa kizuri. Ila hakisemi ni nani aliyezibeba pembe hizo hadi bandarini.

Historia ya kusini inasema. Al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad aliyefika pwani ya Zanji katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za ndovu za huku zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Katika karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikata nchi ya kusini hadi Kilwa Kivinje na Lindi. Pembe zilikwenda mabegani mwa watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine watumwa.

Kumpa Sindbad sura mpya si jambo geni. Mwaka 1980 msafiri na mwandishi Tim Severin, kwa ufadhili wa Sultani Qaboos wa Oman, aliundiwa mjini Sur jahazi lililoitwa Sohar. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari, kama ulivyoshonwa mtepe wa Waswahili. Liliondoka Muscat Novemba mwaka huo, likafika Canton, China, Julai 1981.

Njiani upepo ulikatika kwa majuma kadhaa, mabaharia wakawa wanakinga maji ya mvua ili wapate ya kunywa. Rukh hakuonekana. Katika kitabu cha Severin cha mwaka 1982, nafasi ya majini na mazimwi inachukuliwa na mafundi washonaji na mabaharia wa Oman, na pengine hilo ndilo jambo bora alilolifanya.

Hata hivyo, aliishia baharini. Mbeba pembe wa nchi kavu, ambaye bila yeye jahazi lingeondoka tupu, bado anasubiri mtunzi.

Katika hekaya ya kale hamali alipewa dinari 100 za dhahabu kila siku aliposikiliza. Mtunzi huyo itambidi aamue kwanza nani safari hii aketi kimya, na nani asimulie.