Je, Wajua? Nishani Isiyo na Jina Si Lazima Iwe Bandia

Nishani za nyota za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa jina la askari. Afrika Kusini, India na Australia ziliandika majina kwenye zao. Hivyo nyota tupu iliyohifadhiwa na familia ya Mbulu au Hanang haipaswi kutiliwa shaka kwa utupu wake. Yenye jina ndiyo ya kuhojiwa: nani alilichonga?

Nishani ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 1902 ni habari nyingine. Kwa kawaida ni ya fedha, na ukingoni iligongwa namba, cheo, jina na kikosi. Kibao cha mwisho kilichotolewa kwa utepe wake kinasomeka KENYA, kwa mapigano ya Mau Mau ya 1952 hadi 1956, ambako vikosi vya King's African Rifles (KAR) kutoka Tanganyika vilipelekwa. Jina la ukingoni linaloanza na Gida-, kama la mwanariadha Gidamis Shahanga, laelekeza kwa Wadatoga, wakiwamo wa Hanang. Lakini karani aliandika alivyosikia, na tahajia huweza kupotosha. Pingamizi hilo ni la haki. Ndiyo maana namba ifuatiliwe kwanza: haikutegemea sikio la karani.