Virusi Vimelala, Mishipa Haijalala

Siku ya kliniki huwa nawahi benchi saa moja asubuhi, kadi nimeifunga kwenye pindo la kanga. Mwaka wa 16 huu natumia dawa za kufubaza VVU, na virusi havionekani tena kwenye kipimo. Safari hii nesi alinifunga mkanda wa presha, akaujaza upepo, akanyamaza, akarudia. 168 kwa 102. "Mama, kichwa hakikuumi?" Wala.

Daktari akanieleza: virusi vikifubazwa havitoweki, hujificha, na kinga hubaki macho kama mlinzi asiye na wa kumpokea zamu. Purukushani hiyo ya kila siku huchubua ukuta wa ndani wa mishipa, lehemu ikanata humo, njia ya damu ikawa nyembamba. Ndiyo maana hatari ya shambulio la moyo kwetu ni karibu mara mbili ya wasio na VVU. (Kwa presha yangu, mimi nilishuku chumvi tu. Nayo imo.)

Utafiti wa REPRIEVE wa 2023, wenye washiriki 7,769 wanaoishi na VVU, wakiwemo wa Uganda, ulionyesha kidonge cha pitavastatini hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa 35%. Kuacha dawa za kufubaza, kinyume chake, huongeza hatari.

Nimeandikiwa amlodipini, ya presha. Naimeza na ile ya kufubaza, saa tatu usiku.