Kompyuta inagoma kuwaka? Usikimbilie kupiga Windows



Leo tuongelee kompyuta. Ukipita kwa mafundi wetu utakuta laptopu zimepangwa foleni na malalamiko ni yale yale: "haiwaki", "inawaka inazima", "inazunguka tu kwenye nembo haifiki". Dawa nayo ni ile ile: piga Windows mpya! Mashine imepona, umelipa, umeondoka. Wiki mbili baadaye ugonjwa umerudi, na safari hii huna picha za harusi wala mahesabu ya duka, maana vilifutwa siku ile ya kwanza.

Ninachotaka kusema ni hiki: chunguza kabla ya kufuta. Na ukichunguza, usitegemee majibu ya ile mashine inayoumwa peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

KWANINI TUSUMBUKE?

Kompyuta ya nyumbani huku kwetu haina mwenyewe mmoja. Mama anaweka mahesabu ya kikoba, kijana anaombea mkopo HESLB, dada anajaza maombi Ajira Portal, jirani naye anakuja na flashi yake kuprinti. Humo ndani kuna namba za NIDA, vyeti vilivyoskaniwa na paswedi za barua pepe.

Kirusi cha siku hizi mara nyingi hakina haja ya kuharibu mashine. Kinataka kukaa kimya, kinakili unachoandika na kukituma kwa mwenyewe. Mashine ikianza kuwaka kwa shida, wakati mwingine ni kirusi kimejikwaa na kugonga sufuria usiku. Ukipiga Windows haraka haraka, hutajua kama kulikuwa na mwizi, aliingilia wapi, wala alishabeba nini.

1. KWANZA, JE NI KIRUSI KWELI?

Mengi tunayosingizia virusi ni vifaa tu. Angalia inakwama wapi:

- Inapiga mlio wa bipu au kioo ni cheusi kabla hata ya nembo ya Windows: hapo shuku RAM, umeme au vumbi. Kiangazi chetu mnakijua. Fundi aifungue, apulize vumbi, achomoe RAM na kuirudisha vizuri.
- Inasema haioni diski ya kuwakia: chomoa flashi zote kisha jaribu tena. Flashi iliyosahaulika inatosha kabisa kuzuia mashine isiwake. Ikiendelea kusema hivyo, huenda waya wa diski umelegea au diski yenyewe inakufa.
- Unasikia diski inagonga tik-tik-tik: zima mara moja. Kila dakika unayoiwasha inazidi kula data zako.
- Saa na tarehe vinarudi nyuma kila umeme ukikatika: betri ndogo ya ndani, ile bapa kama sarafu, imeisha. Tarehe ikiwa ya uongo, tovuti nyingi zitatoa onyo la usalama na wewe utadhani ni virusi. Badilisha betri, rekebisha saa, yameisha.

Ikipita nembo halafu ikazubaa, ikajizima, ikafungua madirisha usiyoyaita, au ikawa nzito kupita kiasi, hapo ndipo tumshuku mwizi.

2. KATA INTANETI, OKOA MALI

Zima hotspoti ya simu. Kama kuna anayechungulia, umemfungia dirisha.

Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Settings", halafu "Restart". Ikileta orodha bonyeza 4. Hiyo inaitwa Safe Mode: mashine inawaka na vile vya lazima tu. Njiani ikikudai funguo ya BitLocker, ingia kwa simu kwenye akaunti yako ya Microsoft, mara nyingi imehifadhiwa huko.

Ikiwaka vizuri kwenye Safe Mode lakini kawaida inagoma, basi kuna kitu kinachojiwasha pamoja nayo ndicho kinaleta balaa. Inaweza kuwa kirusi, inaweza kuwa programu mbovu tu.

Hapo hapo nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje. Usinakili programu, hasa faili zinazoishia na .exe, usije ukahama nyumba pamoja na kunguni wako.

3. TAZAMA NANI ANAAMKA NA MASHINE

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya "Startup", ndiyo orodha ya wanaoamka alfajiri pamoja na Windows. Usiyemfahamu, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Open file location", uone anaishi wapi.

Virusi hupenda majina ya kuazima. Kwa mfano svchost.exe ni jina halali la Windows, lakini wa halali anaishi ndani ya folda ya Windows, kwenye System32 au SysWOW64. Ukimkuta mwenye jina hilo kwenye folda ya Temp au AppData, huyo amevaa sare ya kuiba.

Anayetaka kuona zaidi achukue programu ya bure ya Microsoft inayoitwa Autoruns. Inaonyesha karibu kila mlango wa kujiwashia. Ondoa tiki kwa unayemshuku, usifute kwa pupa, maana ukifuta cha halali mashine haitawaka kabisa.

Dalili nyingine mbaya: kinga ya Windows imezimwa na inakataa kuwashwa, au tovuti zote zinafunguka isipokuwa za kampuni za kinga ya virusi. Kirusi Conficker, kilichoibuka Novemba 2008 na kusambaa duniani kote, kilikuwa na ujanja huo huo wa kuzuia watu wasifike kwenye dawa.

4. PIMA UKIWA NJE YA WINDOWS

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaskani, kinga inasema "hakuna kitu", wanalala usingizi.

Kuna virusi vinavyoitwa rutikiti. Hivi hujipachika ndani kabisa ya Windows, kiasi kwamba kinga ikiuliza "kuna faili gani humu?", wao ndio wanajibu, na hawajitaji! Ni sawa na kumuuliza mwizi aliyesimama getini kama ameona mwizi. Mwaka 2005 mtaalamu Mark Russinovich aligundua kwamba hata CD za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zinaweka programu ya kujificha namna hiyo kwenye kompyuta za wateja. Kama CD ya dukani ilifanya hivyo, sembuse sofwea ya kuokoteza?

Dawa ni kupima wakati Windows imelala. Kwenye Windows 10 na 11 fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", kisha "Scan options", chagua "Microsoft Defender Offline". Ni bure. Washa bando kidogo kwanza ili kinga ipate apdeti, hifadhi kazi zako, ndipo uanze. Mashine itajizima, itawaka kwenye mazingira yake ya pembeni na kupima kwa kama dakika 15. Majibu utayakuta baadaye kwenye "Protection history". Laptopu iwe na chaji ya kutosha, si mnajua tena umeme wetu.

Kama Windows haiwaki kabisa, tafuta kompyuta nyingine iliyo safi na utengeneze flashi ya uokoaji, kwa mfano Kaspersky Rescue Disk, ambayo nayo ni bure. Unawasha mashine mgonjwa kwa kutumia flashi hiyo. Kazi hii fundi wako anaiweza, mwambie tu unataka kupimiwa kabla ya kufutiwa.

5. MLANGO NI UPI?

Kwanza flashi. Zamani ilitosha kuchomeka tu, kirusi kinajiwasha chenyewe. Microsoft iliziba mlango huo kwa flashi kwenye Windows 7 mwaka 2009, na Februari 2011 ikatoa apdeti ya kuuziba kwenye XP na Vista. Wezi wakaja na mbinu ya shotikati: kirusi kinaficha folda zako na kuweka alama zinazofanana nazo, ili mkono wako mwenyewe ukibofya ndio ukiamshe. Flashi ikitoka steshenari na folda zimekuwa shotikati, usibofye wala usiformati. Vitu vyako kwa kawaida bado vimo. Iskani, kisha fungua Command Prompt na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hapo E ni herufi ya flashi yako). Vitatokea.

Mlango wa pili ni programu za kuvunja leseni. Wengi wanaopiga Windows huiwezesha kwa programu kama KMSPico, na masharti yake ni "zima kinga kwanza". Desemba 2021 kampuni ya usalama Red Canary ilieleza jinsi KMSPico za bandia zilivyokuwa zinabeba Cryptbot, kirusi cha kuiba paswedi na pochi za sarafu za kidijitali. Yaani unaweza kupigiwa Windows mpya ikiwa na kirusi kipya ndani!

6. BAADA YA HAPO

Ikipatikana rutikiti, au kirusi kinarudi kila ukikifuta, sasa piga Windows kwa amani. Data umeshaokoa, zipime kabla ya kuzirudisha. Ikiwezekana weka toleo linalopata apdeti, maana huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Ila ukikuta mafaili yamebadilishwa majina na kuna barua ya kudai pesa, usiformati na usilipe kwanza. Angalia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Kwa baadhi ya virusi vya aina hiyo funguo zinatolewa bure.

Mwisho, badilisha paswedi kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi. Anza na barua pepe, maana ndiyo funguo ya zingine zote, kisha benki, kisha HESLB na Ajira Portal. Hili watu wanalisahau. Mashine imesafishwa, lakini mwizi bado ana nakala ya funguo mfukoni.

Mafundi wetu tusiwalaumu sana, wanafanya kile mteja anachoharakia. Ukifika dukani sema maneno matatu tu: "Nipimie kwanza, fundi."

Mwenye la kuongezea aongeze. Naomba kuwasilisha.