Geti la tiketi nalo lina gharama

Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya East Midlands Trains ilitaka kuweka mageti ya tiketi katika stesheni iliyokarabatiwa ya Sheffield, Uingereza. Hoja yake ilikuwa nzito: anayekwepa nauli humwachia mzigo anayelipa.

Tatizo ni kwamba daraja la stesheni hiyo pia ni njia ya wakazi kwenda mjini na kwenye kituo cha tramu. Wakazi na halmashauri ya jiji walipinga, na daraja likabaki wazi.

Hesabu hiyo inahusu hata geti la ushuru sokoni. Kabla ya kulijenga, linganisha ushuru utakaookolewa na mishahara ya walinzi, foleni na wanunuzi watakaokwenda kwingine.